Imamu wa Ngome na Udhu Uliomtoka

Wamepokea wakubwa kwa wakubwa wao, Mwenyezi Mungu awarehemu wote, ya kwamba palikuwa na mwalimu wa mjini aitwaye Sheikh Thumama bin Wakii, aliyeacha darasa lake na godoro lake la pamba, akaenda ngome ya mpakani kuomba awe imamu wa jeshi. Watu walimshangaa. Mwenyewe alikuwa na sababu yake: mdogo wake alikuwa askari, akafa kwa jeraha katika ngome ileile, na hapakuwa na hata mtu mmoja wa kumlakinia shahada, yaani kumtamkisha alipokuwa akikata roho. Tangu habari hiyo imfikie, Sheikh hakuwa na raha. Kila mara alikuwa akisema, "Asife mwingine hivyo, nami nipo."

Amiri wa ngome, jina lake Huzaima, alikuwa mtu wa maneno machache. Alimwambia, "Ya Sheikh, elimu yako sina shaka nayo. Lakini imamu wa askari simchagui mimi, wanamkubali wao. Kaa nao mpaka msafara wa punda utakaporudi mjini. Wakikukataa, utaondoka na punda."

Basi Sheikh akajitahidi. Maskini, alijitahidi kupita kiasi! Askari walimwona laini, wakampa jina la Sheikh Godoro, na kinara wa utani huo alikuwa Jarwali, pande la mtu ambalo likicheka husikika mpaka langoni. Ili naye awe mmoja wao, Sheikh alikula walichokula: dengu na vitunguu vibichi, asubuhi na jioni, na akiongezewa hakukataa. Na dengu, ndugu zangu, hazijui cheo cha mtu.

Siku moja kabla ya msafara kuondoka, Sheikh aliwaswalisha Alasiri. Jeshi zima lilijipanga nyuma yake, Amiri mwenyewe akiwa safu ya kwanza. Katika rakaa ya pili, alipokuwa anarukuu, udhu ukamtoka. Ulimtoka kimya kimya. Hakuna aliyejua ila yeye na Mola wake. Shetani naye hakuchelewa. "Maliza tu," akamnong'oneza. "Ukitoka sasa, uimamu umekwenda. Swala utairudia baadaye ukiwa peke yako." Naye aliutaka uimamu ule kuliko kitu chochote. Lakini wale watu wote walikuwa wameiweka swala yao mikononi mwake. Akarudi nyuma, akamshika Amiri mkono na kumsogeza mahali pake, kisha akashika pua na kutoka, kama walivyofundishwa wenye kupatwa na jambo hilo: mtu ajisitiri, wanaomwona wadhani ni damu ya pua. Akatia udhu, akarudi kuswali katika safu ya mwisho.

Amiri alipomaliza kutoa salamu, aligeuka akauliza mbele ya wote, "Sheikh, damu imekatika?"

Hapo ndipo ulipokuwa mtihani wenyewe. Kushika pua ni adabu. Kuitikia ndiyo ni uongo. Neno moja tu, na angepewa pole na jeshi zima. Sheikh akainamisha kichwa.

"Haikuwa damu, Amiri. Udhu ulinitoka."

Jarwali akashindwa kujizuia: "Lahaula! Dengu zetu zimemwangusha Sheikh Godoro!" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Amiri hakucheka, aliondoka zake. Sheikh akabaki na aibu yake, na aibu ile ilimuuma, tusidanganyane. Aliona amempoteza mdogo wake mara ya pili.

Kulipopambazuka alikuwa akifunga mizigo. Jarwali akamjia, peke yake.

"Unaondoka, Sheikh?"

"Naondoka. Imamu wa kuchekwa atamfaa nani?"

"Aliyeanza kucheka ni mimi. Nakuomba radhi." Akasema hivyo, asiondoke. Lile pande la mtu likawa linachezea mkanda wa upanga. "Nina jambo, Sheikh. Nikipangiwa zamu ya mnarani husema nina homa. Sina homa. Ni woga. Tangu tuwazike wenzetu, natetemeka hata mchana. Sijamwambia mtu, hata mke wangu."

"Walikuwapo maimamu kabla yangu. Mbona waniambia mimi?"

"Wale walikuwa hawakosei kamwe. Wewe ulipewa damu, ukaikataa."

Sheikh akaiacha ile kamba ya mizigo. Akaketi chini, akamketisha Jarwali kando yake, akamwambia, "Woga si kufuru, ndugu yangu. Hata mimi nimekuwa nikiogopa tangu nifike. Zamu yako ya leo twende wote." Wakapanda mnarani pamoja, mmoja akitetemeka na mwingine akimsomea dua, mpaka mikono ya Jarwali ikatulia. Amiri, aliyekuwa akiwatazama kutoka chini, akamwambia mwenye punda, "Nenda zako. Huyu haondoki."

Enyi ndugu zangu, sisi tunaotangulia mbele za watu hupenda kujipamba ili tuaminiwe. Jarwali aliwasikiliza wenye sauti nzuri mwaka baada ya mwaka, na hofu yake akawaficha wote. Akamfunulia yule aliyekubali kuaibika kuliko kumdanganya. Tumwombe Mola asitupe cheo ambacho kitatufanya tuone haya kusema kweli.