Taa Iliyowaka Bure

Palikuwa na fundi mmoja wa malori, mwanamke, na alikuwa na maringo yake. Haki yake. Lori likiwashinda wengine, lilivutwa kwake.

Asubuhi moja dereva akamletea lori lenye shehena ya saruji ya kupandisha Makete, na mvua haijakatika siku ya tatu.

"Mama Fundi, difu loku, ile ya kufunga tairi za nyuma zizunguke pamoja, inanitania. Nabonyeza swichi, taa yake ya dashibodi inawaka vizuri, lakini kwenye tope tairi moja inazunguka, ya pili imekaa kama mgeni. Jana nusura nirudi kinyumenyume korongoni!"

"Taa nimekuuliza mimi? Leta jeki."

Wakanyanyua tairi za nyuma, gia huru. Swichi ikabonyezwa, taa ikawaka.

"Zungusha tairi ya upande wako mbele."

Akaizungusha. Ya upande wa pili ikaenda nyuma.

"Umeona? Loku ikishika, zote huenda pamoja. Hii haijashika. Taa yako ni mwongo."

Akaingia chini. Mpira wa upepo unaosukuma loku ulikuwa umepasuka. Na waya wa taa, ambao ulipaswa kutoka kwenye sensa ya difu inayohisi loku ikishika, ulikuwa umefungwa kwenye swichi! Ukibonyeza inawaka, loku ishike isishike.

Akacheka, gereji nzima isikie. "Kaka, lori hili alilitengeneza nani? Muuza maandazi?"

"Sijui, mama. Nimekabidhiwa juzijuzi tu."

Akabandua utepe. Waya umesokotwa mara tatu, ukakazwa kwa uzi wa kiatu. Mji mzima, aliyefunga hivyo ni mmoja. Akakumbuka: mwaka juzi, sensa imekosekana madukani, tajiri wa lori ana haraka, anamwambia, "we washa taa tu."

Sasa niambieni, wapendwa. Kisu anacho mkononi. Akikata uzi huo na kuutupa, nani atajua?

Akatoka, grisi mgongo mzima, akasimama wima. "Kaka, muuza maandazi ni mimi. Hutoki hapa mpaka niitengeneze, na tairi utazungusha mwenyewe uone."

Hayo ndiyo maringo ninayoyataka humu kanisani! Maana sisi kucheka kazi za wenzetu tunajua sana. Lakini yuko mtu barabarani saa hii, anaiamini taa tuliyomfungia sisi: ahadi tuliyomwambia imeshakamilika, ushauri tuliompa bila kuupima. Wewe unamjua. Mimi simjui. Ukitoka hapa mpigie simu, kabla hajaanza kupanda mlima.