Kete Iliyoganda Kidoleni

Paukwa!
Pakawa!

Kaeni vizuri. Na wewe unayechekacheka hapo nyuma, hadithi hii si ya kucheka.

Hapo kale zimwi mmoja alikalia kisima cha kijiji kizima. Akatangaza kwamba atakayemshinda kwa bao atakipata kisima. Basi akajitokeza Mwinyikambi, na bintiye Mwanasiti akamfuata kumbebea ubao.

Zimwi alikuja vidole vimejaa asali. Alipotawanya kete zake, moja ikaganda kidoleni, isianguke. Mwinyikambi aliiona. Kwetu, mwenzako akikosea kete unamwambia arudie. Yeye akanyamaza. Kwa upungufu wa kete hiyo moja zimwi akashindwa, akaenda zake.

Jamani, majigambo ya Mwinyikambi! Majirani wakasema ana bahati. Akawajibu, "Ni ufundi, si bahati." Mkewe akamwambia ashukuru Mungu kwa bahati ile. "Ni ufundi, si bahati." Mpaka akaanza kujiamini mwenyewe, mjinga yule.

Siku moja zimwi akarudi, mikono ameiosha. Akataka wacheze tena: akishindwa atahama nchi, akishinda atamchukua Mwanasiti. Na baba mtu akasema nini? "Ni ufundi, si bahati." Akakubali, wala hakumuuliza bintiye.

Basi wakacheza. Kete za zimwi zikaanguka zote, moja moja, kila moja shimoni mwake. Hata jua halijafika utosini, upande wa Mwinyikambi ulikuwa mtupu.

Mwanasiti akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaja kumuaga baba yake. Hakulia. Hapo aibu ikamshika Mwinyikambi, akashindwa kuinua uso.

"Siku ile kete iliganda kidoleni mwako," akamwambia zimwi mbele ya watu wote. "Niliiona, nikanyamaza. Sikukushinda."

Zimwi akakitazama kidole chake.

"Kumbe lile halikuwa bao," akasema. "Na hili la leo limetokana na lile, basi nalo si bao. Chukua mwanao, nirudishie kisima."

Basi watu wakarudi kuteka maji mtoni, mbali kule. Mwinyikambi akawa anawatekea yeye, nyumba hadi nyumba, macho chini. Hakuna aliyemtukana, na hilo ndilo lililomuuma. Kila asubuhi Mwanasiti alimpokea mtungi, akasema, "Ahsante, baba," naye akageuka kurudi mtoni.

Tangu hapo, kwetu watu huonyeshana viganja kabla ya bao.

Hadithi yangu naitua hapa. Ukipata kwa bahati, sema ni bahati.

Na wewe hapo nyuma, mbona sasa umeinama?