Umbali kati ya Ringi na Ringi

Jambo la mwisho la kawaida katika nyumba ile lilikuwa uzi. Fundi mmoja wa nondo alikuwa ameshafika mlangoni kwenda kazini, mkewe akamwita arudi, akaukata kwa meno uzi uliokuwa ukining'inia kwenye mkono wa shati lake. Akamwambia, "Haya, nenda sasa. Watu watasema huna mke." Saa nne fundi akapigiwa simu. Kufikia saa sita mchana maneno yale yalikuwa kweli.

Wapendwa, msiba ule ulihudhuriwa. Maturubai mawili, kwaya mbili. Injinia aliyefanya kazi na fundi huyo miaka tisa alibeba jeneza kwa bega lake mwenyewe. Siku ya tatu matanga yakaanuliwa, kila mtu akarudi kwake.

Wiki ya saba, injinia alifika saiti kukagua nguzo kabla ya zege kumwagwa. Ndani ya nguzo kuna nondo nene zilizosimama, na kuzizunguka kuna ringi: vyuma vyembamba vilivyokunjwa mraba, vikifungwa kimoja juu ya kingine hadi juu. Mchoro ulisema kila sentimita kumi na tano. Injinia akapima. Arobaini.

"Fundi, hii ni nini?"

"Ringi, injinia."

"Usinitanie. Miaka tisa hujawahi kuruka hata moja."

"Nondo zenyewe ni milimita ishirini na tano. Hivi vyembamba vinabeba nini?"

"Havibebi kitu. Vinashika. Siku uzito ukizidi, zege la nje hupasuka na kudondoka kwanza, nondo inabaki yenyewe. Haikatiki. Inapinda kwenda nje, pale katikati ambapo hakuna kinachoishika. Unene wake hauiokoi. Kinachoiokoa ni umbali kati ya ringi na ringi. Mbona haya wewe ndiye unayewafundisha wenzako?"

Fundi akakaa juu ya rundo la nondo, plaizi mkononi.

"Nayafahamu. Injinia, kwangu ulikuja lini mara ya mwisho?"

Injinia akaikunja tepu yake ya kupimia.

"Siku ya kuzika," fundi akajijibu. "Ulifanya vizuri siku ile, sikulaumu. Lakini Jumamosi nikitoka hapa, sauti ya mtu naisikia tena Jumatatu. Juzi nilisimama ukingoni ghorofa ya nne nikatazama chini, muda mrefu kuliko kazi ilivyotaka. Kisha nikashuka, nikaja kufunga hizi. Sikuona tena kwa nini zikaribiane."

Nani alikosea hesabu pale? Fundi peke yake?

Sisi tunajua kuzika. Tunamzunguka mfiwa siku tatu hata hapati pa kuweka mguu, halafu tunamwachia sentimita arobaini. Tunasema, yule ni imara, tena ni mtu wa sala. Ni kweli. Hata nondo ni imara. Wingi wetu siku ya maziko ni lile zege la nje: ndilo linaloonekana, na ndilo linalotangulia kudondoka. Nasema nikijua. Mfiwa hatuombi tumbebee mzigo wake, maana haubebeki. Anahitaji mtu aje Jumanne, bila neno lolote la maana. Na mwingine Alhamisi. Kwenye benchi ulilokalia, ni nani ambaye hajaitwa jina lake tangu Jumapili iliyopita?

Nguzo ile ilifumuliwa, ikafungwa upya. Hilo lilikuwa rahisi, chuma kinasubiri. Kesho yake, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, injinia alibisha mlango wa fundi.

"Kuna tatizo saiti?" fundi akauliza.

"Hakuna."

"Sasa?"

"Nimekuja tu."

Fundi akamtazama, kisha akaenda kutoa kikombe cha pili kabatini. Kilikuwa na vumbi la wiki saba. Injinia akakipokea, akakiosha mwenyewe, akakaa.