Bi Kaa na Gamba la Babu

Paukwa.
Pakawa.
Paukwa ya nchi kavu.
Pakawa ya majini.

Hapo kale palikuwa na kichuguu, mahali mikoko inapoishia na mashamba yanapoanzia. Ndani yake waliishi wenye miguu sita: mchwa, mende, nyenje, kerengende, na mkubwa wao alikuwa Mzee Panzi. Pamoja nao aliishi Jongoo. Nasema jongoo, sisemi tandu. Tandu huuma, jongoo hujikunja. Majina tuyaweke sawa tangu mwanzo, tusije tukamsingizia mtu.

Kichuguu kile kilikuwa na mila. Viumbe hawa hawakui kama sisi. Gamba likibana hulivua, na aliyelivua huwa laini kama ugali wa moto. Kila mwenye mdomo humla. Basi aliyekaribia kuvua hupewa chumba cha ndani, na ndugu zake humlinda mpaka agumuke. Chumba hicho ni cha ukoo tu. Humo lilihifadhiwa gamba la Babu, yule wa kwanza kufika nchi kavu, limefunikwa kaniki. Kila mvua za kwanza walilinyunyizia unga, na hakuna aliyelifunua. Mlinzi wake alikuwa Jongoo, na unga uliobaki ulikuwa wake.

Mwaka mmoja kijito kilikauka, na tundu la Bi Kaa likaporomoka. Gamba lake lilikuwa limeiva. Juu ya mkoko, Mdiria, ndege mla kaa, alikuwa akimtazama. Bi Kaa akapanda ubavu ubavu mpaka kichuguuni.

"Hodi wenyewe. Gamba limenibana. Nipisheni chumba cha ndani."

Jongoo akachungulia. "Una miguu mingapi wewe?"

"Kumi, pamoja na magando."

"Hapa ni kwa wenye miguu sita."

"Na wewe, Bwana Jongoo, umekwisha kuhesabu yako?"

Ndani wakacheka. Jongoo akarudisha jani la mlango.

"Hodi," akasema Bi Kaa mara ya pili.

"Unapumua wapi?"

"Majini, nikiyapata."

"Basi. Mimi na Mzee Panzi tunapumua kwa matundu ya ubavuni. Huo ndio udugu."

"Hayo ni mazoea ya mahali mnapokaa. Wapangaji wa nyumba moja huvuta hewa moja, lakini hawakuzaliwa na mama mmoja."

"Hodi," akasema mara ya tatu.

Safari hii alitoka Mzee Panzi mwenyewe. "Mama, usituaibishe. Mtaje babu yako."

"Babu yangu ni huyo mliyemfunika kaniki."

Jongoo akasema, "Ametukana wafu huyu. Mwacheni Mdiria amchukue."

Mzee Panzi akanyamaza. Nanyi mnajua, mkubwa akinyamaza, jibu limekwisha kutoka.

Wahenga walisema, kaa akiinua gando, mambo yamekatika. Bi Kaa akainua gando. "Basi nitalivua hapa hapa, mchana, mlangoni penu. Nikiliwa, mtakuwa mkikanyaga damu ya ndugu yenu kila mkitoka."

Akaupa mlango mgongo, akakaa.

"Ametususia," akasema Jongoo, akacheka.

Je, mnajua kaa huvuaje gamba? Hatokei mbele. Gamba hupasuka nyuma, naye hutoka kinyumenyume. Jongoo hakujua hilo. Hakuwahi kumtazama kaa ila kwa dharau.

Gamba likapasuka. Bi Kaa akarudi nyuma, akarudi tena, akarudi tena, mpaka akapita chini ya jani la mlango. Nje likabaki gamba tupu, na macho yake na magando yake, likimkabili Mdiria. Mdiria akashuka kama jiwe, akalinyakua, akaruka nalo. Alipolivunja huko juu, alikuta hewa.

Ndani, Bi Kaa alitambaa mpaka chumba cha ndani.

"Mtoeni," akasema Jongoo.

"Mila haimtoi aliye laini," akajibu Mzee Panzi.

Bi Kaa hakuwangoja wamalize. Akaishika kaniki kwa gando lake teketeke, akaivuta.

Kichwani mwa Babu palikuwa na jozi mbili za vipapasio, kama za Bi Kaa. Panzi anayo jozi moja; Jongoo, moja. Ubavuni mwa Babu yalining'inia matamvua ya kupumulia majini. Kerengende, bingwa wa macho, akalisogelea jicho la Babu. Lilikuwa vyumba vyumba, kama sega. Akatazama la Bi Kaa: sega. Akatazama la Mzee Panzi: sega. Akamtazama Jongoo: punje chache zilizobandikwa.

"Bwana Jongoo," akauliza Mzee Panzi, "ulijua?"

Jongoo akajikunja, na mpaka leo ukimuuliza neno hujikunja.

Mzee Panzi akamgeukia Bi Kaa. "Dada yetu, tusamehe. Kaa nasi."

Bi Kaa alikaa mpaka mwili ukagumuka. Ndipo akainua gando jipya.

"Sikuja kuomba udugu. Udugu hauombwi, ulikuwako kabla ya mlango wenu. Mwacha asili ni mtumwa, nanyi mliiacha yenu chini ya kitambaa. Huyu Jongoo msimfukuze. Naye ni ndugu, ila wa mbali kuliko alivyowaambia. Nge na buibui wako mbali zaidi, nao pia huvua gamba."

Mlangoni akageuka. "Mkija majini pigeni hodi. Sitawahesabu miguu."

Akashuka ubavu ubavu, na hakuomba njia.

Hadithi yangu imejivua gamba, nalo ndilo hilo hapo. Aliye ndugu alichukue. Asiye ndugu naye alichukue.