Mzigo Alioufunga Mihambo

Mtu mmoja alikuwa na mizinga ya nyuki porini na magoti yasiyoweza tena kumfikisha huko. Jina lake Mihambo. Mizinga aliirithi kwa baba yake, na baba yake aliirithi kwa babu. Kila mwaka nyasi zilipoanza kukauka, Mihambo alitoka na wenzake kwenda kupiga kambi katika pori la miyombo, mbali na mashamba, mbali na kisima cha mwisho, wakarina asali mpaka vyombo vikajaa. Alikuwa mrina asali hodari, na alilijua hilo. Hakuwa mtu wa kujificha nyuma ya unyenyekevu. Ukiisifia asali yake alikujibu, "Bado hujaonja ile ya chini ya ndoo."

Mwaka ule magoti yalikataa. Wanawe wa kiume, Masele na mdogo wake, walikuwa machimboni wakitafuta dhahabu, na habari za pori hawakutaka hata kuzisikia. Aliyelitaka pori alikuwa Kalunde, binti yake kitindamimba, ambaye tangu utotoni ukimkosa jikoni ulimtafuta juu ya mti. Mihambo aliposema mbele ya wanakambi kwamba Kalunde ndiye atakayeshika nafasi yake, baadhi waliguna. Ndaki, mtoto wa kaka yake, hakuguna; yeye alicheka waziwazi. Alikuwa na sababu. Sheria ya kambi ilisema mrithi akirudi mikono mitupu katika kambi yake ya kwanza, mizinga hupewa ndugu mwingine, na hairudi tena. Ndugu huyo angekuwa Ndaki.

Palikuwa na desturi nyingine. Anayeanza hajifungii mzigo. Anayeliacha pori ndiye humfungia, na anayefungiwa hapunguzi wala haongezi kitu bila idhini ya aliyefunga. Wazee waliona kwamba aliyekwisha kwenda ndiye ajuaye kinachohitajika. Ni neno zuri, ndugu zangu, lakini sikilizeni lilimfikisha wapi Mihambo.

Alianza na vya lazima. Shoka, panga, kamba ya kupandia, bomba la kufukizia nyuki moshi, kofia ya wavu, turubai, blanketi, sufuria, chumvi, kiberiti. Vyote viliingia katika gunia moja, na gunia likalala vizuri juu ya keria ya baiskeli. Hapo angeweza kunawa mikono akale. Lakini alikumbuka mwaka ambao shoka lilichomoka kwenye mpini likapotelea majanini. Akaongeza shoka la pili, na kinoo cha kunolea yote mawili, jiwe zito lililoliwa katikati na mashoka ya baba na babu. Akakumbuka mvua isiyo na msimu, akaongeza turubai. Akakumbuka baridi ya kipupwe ilivyomkunja karibu na moto uliozimika, akaongeza mablanketi. Akakumbuka fisi waliozunguka kambi. Akausokomeza na mkuki wa baba yake. Akakumbuka mbung'o, akakumbuka homa, akakumbuka mguu ulioteguka, na kwa kila alichokumbuka alitafuta kitu cha kuweka. Hakuna jambo baya lililowahi kumpata Mihambo porini ambalo halikupata nafasi katika mzigo ule.

Mkewe, Nyamizi, alikuwa akianua michembe uani, vile viazi vyake vilivyokatwa na kukaushwa juani.

"Baba Masele," alisema, "mtoto anakwenda kambini au anahama?"

"Wewe pori hulijui."

"Kweli silijui. Nakujua wewe."

Mihambo aliendelea kufunga, maana kazi ilikuwa bado. Gunia limejaa na chakula kiko nje. Akaangaza huku na huku, akaziona ndoo mbili nyeupe alizozinunua kwa ajili ya safari hii. Zilikuwa mpya, na mifuniko yake ikikazwa hata mchwa hapenyi. Akamimina unga katika moja mpaka mdomoni. Katika nyingine akaweka michembe na maharage, akashindilia kwa ngumi. Akakaza mifuniko, akazifunga ubavuni mwa keria, moja huku na moja huku. Kisha akarudi nyuma akautazama mzigo, na moyo ukamjaa. Hakuna aliyewahi kutoka kijijini pale na mzigo wa namna hii. Wataona ni binti wa nani.

Asubuhi ya kuondoka, wanakambi walikusanyika nyumbani kwa Mlekwa, kiongozi wa kambi. Mihambo aliikokota baiskeli mwenyewe, magoti yakimlalamikia kila hatua. Mzigo ulielemea nyuma kiasi kwamba gurudumu la mbele lilikuwa likinyanyuka kama punda aliyekataa njia, ikabidi Kalunde aegemee usukani ili kulirudisha chini. Watu wakawapisha. "Huo sasa ndio mzigo," mmoja alisema. "Mihambo kamfungia mwanawe dunia nzima." Mihambo aliyapokea maneno hayo kama sifa, akanyoosha shingo kama bwana harusi.

Mlekwa akamwuliza Kalunde swali ambalo kila anayeanza huulizwa. "Umeridhika na mzigo uliofungiwa?" Jibu lake ni moja na kila mtu analijua: nimeridhika. Mihambo alikuwa ameshaanza kutabasamu.

Kalunde aliizunguka baiskeli. Akaligusa gunia. Akagonga ndoo ya kwanza kwa kidole, akagonga na ya pili, na zote zilitoa sauti nzito. Kisha akamwendea baba yake, akapiga magoti mbele yake kama binti aliyelelewa, akasema kwa sauti ya chini ambayo uwanja mzima uliisikia:

"Baba, nimeridhika, na nakushukuru. Ila asali nitaiweka wapi?"

Ndaki aliangua kicheko mpaka akashika mbavu. Mihambo aliona masikio yake yanawaka. Alitaka kusema kwamba unga utaliwa na ndoo zitabaki. Lakini aliyejua kuliko wote ni yeye: asali huanza kushuka mtini kabla unga haujafika nusu, na kumwaga chakula porini ili kupisha asali ni kujitafutia laana. Yeye, mrina asali na mwana wa mrina asali, alikuwa amefunga mzigo wa kwenda kurina na hakuacha mahali pa asali. Alimfungia mwanawe kila kitu cha kumzuia asiumie. Cha kumwezesha kupata, alikijaza maharage.

Aibu hiyo ilikuwa kubwa, wala sitaipunguza. Lakini Mihambo aliinua macho akawatazama wale waliousifu mzigo, watu wazima wenye makovu ya nyuki mpaka kwenye kope, na Mlekwa akiwamo. Hakuna hata mmoja aliyeliona kosa hilo. Ameliona huyu aliyepiga magoti, ambaye hajalala porini hata siku moja. Ameliona, na amelisema bila kumvunjia mzazi heshima. Basi fahari nyingine, si ile aliyokuja nayo, ikaanza kupanda ndani yake. Ikaikuta aibu njiani, ikaipita.

"Inuka, mwanangu," alisema. Akaanza kufungua kamba mwenyewe, mbele ya watu wote.

Haikuwa kazi nyepesi. Alipotoa turubai la pili aliona anamkabidhi mwanawe kwa mvua. Alipotoa mablanketi aliona anamkabidhi kwa baridi. Mkuki aliushika mkononi muda mrefu, akautazama kama mtu anayeaga, kisha akaulaza chini. Unga akabakiza wa mfuko mdogo tu, maharage akayatoa, na michembe akabakiza ya kutafuna njiani. Nyamizi alipokea kila kilichotoka, akakipanga juu ya kanga yake bila kusema neno. Maneno alikuwa nayo, ila aliyaweka akiba.

Rundo likawa kubwa, shoka la pili likiwamo. Ndani yake mlikuwa na kinoo, ambacho Mihambo alikitoa kwa sababu ya uzito wake, na kwa sababu shoka alikuwa amekwisha kulinoa mpaka likang'aa. Kalunde akainama akakiokota.

"Hiki naomba niende nacho, baba."

Mihambo alitikisa kichwa kukubali, wala hakuuliza sababu. Makali aliyotia yeye yangetosha kwa miti michache tu, na miti ilikuwa mingi.

Wakaondoka. Gurudumu la mbele lilikanyaga ardhi vizuri, na ndoo mbili zikaenda zikigongagonga keria kwa kelele. "Debe tupu haliachi kuvuma!" Ndaki alipaza sauti kutoka mbele, na wenzake wakacheka. Mihambo alisimama njiani akazisikiliza ndoo hizo mpaka sauti ikapotea.

Kipupwe cha mwaka ule hakikuwa na huruma. Upepo ulipita chini ya mlango, mbuzi wakalala wamebanana. Kila jioni Mihambo alikaa mekoni akayatazama mablanketi yaliyokunjwa pembeni, na hofu ikamtafuna. Labda alikosea. Labda alitaka kuonekana mwerevu mbele ya watu, akamwacha mtoto uchi mbele ya baridi. Na akishindwa huko, mizinga ya babu yake imekwenda kwa Ndaki, na aliyeifikisha huko ni yeye, kwa mikono yake.

"Ningemwachia hata moja zaidi," alisema.

Hapo Nyamizi alitoa maneno yake ya akiba. "Baridi hiyo ilikwisha kukupiga wewe, Baba Masele, na ukarudi ukaisimulia kila mwaka mpaka tukachoka. Mwache na mwenzio apate ya kusimulia."

Mihambo alinung'unika kidogo, akasogeza ukuni motoni.

Walirudi alasiri moja, vumbi likiwatangulia. Mihambo alitoka akasimama ukingoni mwa njia akiegemea fimbo, akahesabu baiskeli zinavyopanda mwinuko, na ya Kalunde hakuiona. Wakapita wa kwanza wakamsalimu. Wakapita wengine. Mlekwa naye akapita, akamwamkia kwa heshima na hakumwambia kitu. Ndipo pale chini kabisa, nyuma ya wote, alipoona gurudumu la mbele likinyanyuka.

Lilinyanyuka, likashushwa, likanyanyuka tena. Kalunde alikuwa nyuma akisukuma kwa nguvu zake zote, na aliyekuwa mbele akiegemea usukani ili baiskeli isimshinde alikuwa Ndaki. Baiskeli yake mwenyewe alikuwa ameiegesha chini ya mwinuko akaja kumsaidia. Hakuwa anacheka. Alikuwa anahema.

Karibu yote aliyoyaogopa baba yake yalimpata Kalunde. Jicho moja lilikuwa limefumba kwa kuumwa na nyuki. Blanketi lilikuwa limeungua pindo, maana baridi ilimsukuma kulala karibu mno na moto, na hakuona haya kusema kwamba usiku ule alilia. Shoka lilichomoka kwenye mpini kama lilivyomchomoka baba yake. Akalitafuta majanini mpaka akalipata, akachonga kabari, akalikaza, akalinoa kwa kinoo cha babu zake, akaendelea. Yalimpata yote hayo, na hakuna lililomrudisha nyumbani kabla ya wakati.

Walipofika uwanjani kwake, Mlekwa akafungua mifuniko mbele ya watu. Ndoo zote mbili zilikuwa zimejaa mpaka mdomoni. Hata sufuria ilikuwa imejaa, imefunikwa kwa majani na kufungwa kwa kamba ya gome, kwa sababu ndoo hazikutosha. Mlekwa hakuhutubia. Alisema tu kwamba njia ya mizinga ya Mihambo tangu sasa ni njia ya mizinga ya Kalunde, na Ndaki akawa wa kwanza kupiga makofi.

Mihambo alichovya kidole akaonja. Watu wakangoja maneno yake, maana walimjua. Lakini mzee alionja tena, akafumba macho, akasema kwamba katika maisha yake yote hajaonja asali nzuri kama ile.

"Bado hujaonja ile ya chini ya ndoo, baba," Kalunde akasema.

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Mihambo naye alicheka mpaka machozi yakamtoka, na yalipoanza kutoka hakuyafuta, akawaacha watu wayaone. Alikuwa amejivunia vitu vingi maishani: mizinga, ndoo, mkuki, jina lake. Hakuwahi kujivunia kitu kama alivyojivunia jeuri ile ndogo ya mwanawe mwenye jicho lililovimba.

Nanyi mnaolea, mnaofundisha, mnaowaachia wengine kazi mliyoianza, najua mizigo mnayowafungia ni mizito, na kila kilichomo mmekiweka kwa upendo: je, mmewaachia ndoo tupu?