Koti Halipimwi Juani

Koti halipimwi juani. Dada yangu Agripina ndiye aliyewaambia hivyo asubuhi hii, alipomkuta mwenzenu Lulu anakunja kile kijaketi chembamba na kukitia kwenye begi la safari. Kisha akajiendea zake jikoni, mkabaki mnatazamana. Sasa mnataka kujua msemo huo umetoka wapi. Wapo watakaowaambia ni maneno ya wahenga. Si ya wahenga. Chimbuko lake ni mimi, na mjinga wa kisa chenyewe ni mimi pia, kwa hiyo acheni kukunja nguo, mkae, niwasimulie kabla Agripina hajakitia chumvi. Msemo huu ulizaliwa hivi.

Mwaka ule binti yangu Edina alikuwa anaolewa Warsaw, mwezi wa Januari. Nilikuwa sijamtia machoni kwa miaka sita. Mchumba wake, Marek, alitoka katika ukoo wenye desturi yao: wakishafunga ndoa, bibi harusi huvuka daraja la mto kwa miguu, ameshikwa mkono na mama yake, mpaka nyumbani kwa wakwe. Hapandi gari. Edina akaniambia kwenye simu, "Mama, mama yake Marek anasema baridi ikikushinda usijali, shangazi yake Marek atanishika mkono badala yako."

Neno lile lilinichoma. Nimlee mimi, avushwe na mwingine? Nikamwambia nitavuka, hata kwa kutambaa.

Nami mnanijua. Tanga nzima inanijua kwa kuvaa. Sikuwa tayari kutokea mbele ya wakwe nimejiviringisha kama gunia la mkaa. Nilitaka joto na urembo, vyote viwili, kwa safari ya siku nne. Basi mimi na Agripina tukaenda kwa Mhando, muuza mitumba, ambaye makoti yaliyokuja kwenye mabelo yake yalimkalia mwaka hadi mwaka kwa kukosa mnunuzi. Nilipomweleza habari za Januari na daraja, alitufutia viti kwa mkono wake mwenyewe.

Ilikuwa saa saba mchana, mwezi wa Desemba, jua limesimama utosini. Mhando akanitolea koti la kijivu la sufu, pana, refu hadi kwenye vifundo vya miguu, zito kama godoro lililonyeshewa. Nilipolivaa tu, jasho likaanza kunitiririka mgongoni. Nikalivua. Ndipo nikakiona kijaketi chekundu, kimebana kiunoni, kina vifungo vya rangi ya dhahabu. Nikakivaa, nikajitazama kwenye kioo, nikajipenda. Nikaenda kusimama nacho juani makusudi, nikihesabu kimoyomoyo. Kabla sijafika hamsini, paji la uso lilikuwa limelowa.

"Hiki kinatosha," nikasema. "Kikinitoa jasho namna hii, hiyo baridi itapitia wapi?"

Agripina akaitikia kwa kichwa. Ndiyo, aliitikia, ingawa leo atakana. Sisi wawili hatukuwa tumeonja baridi yoyote kali kuliko ile ya Lushoto, na hesabu yetu tuliiona haina kasoro: nguo yenye joto ni ile inayotoa jasho, na kijaketi kile kilikuwa kinalitoa.

Mhando angeweza kuniuzia na kunyamaza. Badala yake alikuna kichwa. "Mama Edina, hebu nifuate kidogo. Usikivue."

Akatupeleka nyuma ya soko, kwenye ghala la samaki, ambako shemeji yake ndiye aliyekuwa na funguo za chumba cha kugandishia. Mlango mzito ukafunguliwa, ukungu ukatoka, nikaingia na kijaketi changu huku nacheka. Jodari walikuwa wamepangwa pande zote, wagumu kama magogo. Mwanzoni niliona raha. Nikatembea kwa maringo katikati ya samaki hadi mwisho wa chumba, na nilipogeuka kurudi meno yalikuwa yanagongana. Masikio sikuyahisi tena. Vile vifungo vya dhahabu nilijaribu kuvigusa, vidole vikakataa kunitii.

"Mhando," nikaita, "nitoe humu."

"Hujafika hata katikati ya daraja, mama," akajibu kutoka mlangoni.

Kisha akaingia na lile koti la kijivu, akanivisha juu ya kijaketi hichohicho. Joto likarudi polepole, mgongoni kwanza, halafu mikononi. Nikatembea tena hadi mwisho, nikarudi. Wachuuzi wa samaki walikuwa wamejaa mlangoni, mmoja ananipigia vigelegele, mwingine ananiuliza bei ya jodari.

"Umeona?" Mhando akasema. "Koti halipimwi juani."

Nililinunua saa ileile, na kijaketi pia sikukiacha. Agripina akaketi kwenye cherehani yake. Akalitilia lile koti bitana ya kitenge cha njano, na vifungo akavivisha kitenge hichohicho. Kiuno nilimkataza asikipunguze, maana ndani palihitajika nafasi ya sweta. Nikatafuta buti zenye manyoya, soksi za sufu, glavu, na skafu ya njano ya kwenda na bitana. Nilipofunga zipu ya begi nilijiona malkia.

Siku ya harusi theluji ilikuwa imefika kwenye vifundo vya miguu. Mama yake Marek aliligusa koti langu, akaifunua bitana, akawaita wenzake waje waone. Nilifurahi kupita kiasi, siwafichi. Nikamshika mwanangu mkono, tukaanza kuvuka, mimi joto tele.

Lakini hatukuwa tumefika katikati ya daraja nilipousikia mkono wa Edina unatetemeka ndani ya wangu. Alikuwa na gauni la hariri, na mabegani kikoti cha lesi, basi. Midomo ilikuwa imebadilika rangi. Mama yake Marek alikuwa ameshatoa simu aite gari.

"Mwanangu," nikasema, "wewe umeishi huku miaka sita. Ilikuwaje ukavaa hivi?"

"Nguo nilichagua Agosti, mama," akasema, meno yanagongana. "Nilipokijaribu hiki kikoti dukani kilinitoa jasho, nikajua kitatosha."

Nikafungua vifungo vyangu vyote, nikamvuta ndani. Koti lile likatuchukua wote wawili, kichwa chake chini ya kidevu changu. Machozi yakanitoka kwa furaha, yakanigandia mashavuni. Simu ikarudishwa mfukoni. Tukavuka hatua kwa hatua, watu wanasimama kututazama, mimi napiga vigelegele hadi ng'ambo, na hakuna mwingine aliyemvusha mwanangu.

Tulipokanyaga upande wa pili alichomoza kichwa kwenye ukosi.

"Mama, koti hili ulilijaribia wapi?"

"Kwenye ghala la samaki," nikamwambia. "Koti halipimwi juani, mwanangu."