Mwinchande na Kikapu cha Matusi

Hapo zamani, wakati ukubwa wa mtu ulipopimwa kwa wingi wa masanduku yake, mji wa pwani uitwao Kingoje ulitawaliwa na Sultani Tosiri, mtu aliyependa nguo kupita kiasi. Alikuwa na joho la kunywea kahawa na joho la kungojea kahawa, na ukimuuliza tofauti yake alikasirika. Basi masanduku yakajaa kasri hata wake zake wakawa wanalala ukumbini, ndipo Sultani akaukodolea macho uwanja wa jirani. Hapo palikuwa na kibanda cha makuti cha maskini mmoja, Mwinchande, na mkewe Mwanaidi. Sultani akataka kukibomoa ajenge ghala la nguo, lakini sheria ya mji haikumruhusu kumtoa mtu kwake pasipo sababu, ikawa anaitafuta sababu usiku na mchana.

Sababu ikaja kwa miguu yake. Sultani alikuwa akifunga safari kumtembelea mfalme wa mlimani, na njia yenyewe hupita nyikani kwenye jua la kubabua, kisha msituni kunakonyesha kila uchao, kisha mlimani kwenye baridi ya kugandisha mate. Wapagazi wakapanga mizigo toka kasri hata sokoni. Mwinchande akapita, akacheka, akasema, "Huku ni kusafiri au ni kuhama?"

Sultani akasikia, akamwita mbele ya waziri wake. "Ewe Mwinchande, wewe ungesafiri na nini?"

"Kikapu kimoja cha mkononi, Maulana."

"Basi utafuatana nami, na kikapu kimoja. Usibabuke kwa jua, usilowe kwa mvua, usitetemeke kwa baridi. Na njiani usinunue kitu, usiombe, usiibe. Ukishindwa hata moja katika hayo, kibanda chako ni ghala langu."

"Na nikishinda, Maulana?"

Waziri akakohoa, maana swali hilo halikuzoeleka katika kasri ile. Sultani akasema, "Ukishinda, kibanda ni chako na cha wanao, wala hapana atakayekigusa."

Mwinchande akarudi kwake amejiinamia. Mwanaidi alipopata habari akashika kiuno, akasema, "Mume wangu, ulimi wako utatulaza nje. Tuna shuka moja, nayo ina dirisha. Humo kikapuni utatia nini?"

Mwinchande akawaza, akawaza, kisha akaanza kucheka peke yake. "Nitatia matusi."

"Mwanamume huyu atanimaliza," akasema Mwanaidi, lakini kikapu akampa.

Asubuhi langoni askari akakishika kikapu, akakipindua, akasema, "Maulana, ni kitupu."

"Si kitupu," akasema Mwinchande. "Kimejaa matusi pomoni. Shika vizuri, utayamwaga."

Sultani akacheka hata akashika mbavu, akaona ghala lake limekwisha jengwa.

Sasa wewe usiyejua, jua. Watu wa pwani ile na watu wa bara ile walipigana zamani hata wakachoka, wakapatana kwamba badala ya mishale warushiane matusi; wakawa watani. Mtani akikuta kitu cha mtani wake hukichukua, na mwenyewe hana ruhusa ya kununa. Ana haki ya kukifuata siku yake, na akikifuata huchukua na kingine. Desturi hii kila mtu aliijua isipokuwa Sultani, kwani ni nani aliyekuwa na shingo mbili amtanie Sultani?

Basi wakafika nyikani. Mwinchande akamwona mchungaji amevaa kofia pana ya ukindu, akamwendea. "Wewe mla panya, kichwa kidogo hivyo chafanya nini chini ya kofia hii?"

"Nakificha kisione uso wako, mla pweza," akajibu mchungaji. Mwinchande akaivua ile kofia, akaivaa, wakaachana wakicheka. Huku nyuma Sultani anapiga kelele apewe mwavuli, na mwavuli uko chini ya mablanketi, na mablanketi yako chini ya majoho. Ulipopatikana, pua ya Sultani ilikuwa imekwisha ambuka.

Msituni mvua ikawapokea. Mwinchande akamtukana mama mmoja mkulima, akatukanwa vizuri zaidi, akaondoka amejifunika mkeka wa majani ya migomba mgongoni. Masanduku ya Sultani yakanywa maji yakashiba, wapagazi wakawa wanaguna hatua kwa hatua.

Mlimani wakamkuta ajuza mmoja, Bibi Nakijwa, ameketi mlangoni na mablanketi mawili mabegani. Mwinchande akamwambia, "Wewe kizee, mbona umejifunika hivyo, unaatamia?"

"Naatamia akili," akasema Bibi. "Nikiangua, wewe ndiwe wa kwanza kuhitaji."

Mwinchande akachukua blanketi moja, akajizungushia, akaketi. Sultani akafika meno yakigongana, akasema, "Ameiba. Waziri, umeona."

"Kaibiwa nani?" akauliza Bibi.

"Wewe."

"Mimi sijaibiwa. Mtani haibi, haombi, wala hanunui. Huchukua."

Sultani akamgeukia waziri. Waziri akatazama chini. "Ni kweli, Maulana. Desturi hii ni ya kale kuliko kiti chako."

Sultani akaona ghala lake linamomoka. Akaamuru masanduku yafunguliwe apate walau nguo ya kujifunika, na kila joho na kila blanketi likatoka likichuruzika maji. Akamtazama Mwinchande, akalitazama blanketi, akasema kwa sauti ndogo, "Nami ni mtu wa pwani."

"Basi lipo la pili, Maulana," akasema Mwinchande. "Ila mtani hutukanwa kwanza."

Wapagazi wakainamisha vichwa. Waziri akajipapasa shingo. Bibi Nakijwa akamkagua Sultani toka kilemba hata viatu, akasema, "Nguo zako zimepanda mlima zikibebwa, na wewe umepanda ukitetemeka. Kumbe anayesafiri ni joho, wewe umesindikiza tu."

Sultani akafumbua kinywa aite askari, baridi ikamwingia hata kooni, akakifumba. Kisha akatafuta tusi la kurudisha, na masikini hakupata kufundishwa. "Na wewe," akasema, "na wewe una... una mbuzi mbaya."

Bibi akacheka hata machozi yakamtoka. "Mbuzi wangu ni mbaya kweli. Chukua blanketi, mwanangu, utajifunza." Wapagazi wakaangua kicheko, na Sultani naye akacheka, akacheka hata meno yakaacha kugongana.

Ziara kwa mfalme ikaisha, wakarudi, na kibanda kikabaki cha Mwinchande. Lakini baada ya mavuno watani wakateremka pwani kufuata vitu vyao, na watani hawakuwa wa Mwinchande peke yake tena. Sultani akatoka barazani akamwona Bibi Nakijwa anapita langoni amevaa joho la kungojea kahawa, na nyuma yake yule mbuzi mbaya amevishwa joho la kunywea. Sultani akanyanyua mkono.

"Maulana," akasema waziri, "mtani hanuni."

Sultani akaushusha mkono. "Na ghala langu?"

"La nini tena, Maulana? Watani wamekwisha chukua; limebaki sanduku moja."

Sultani akavuka uwanja hata kibandani, akamkuta Mwanaidi anachoma muhogo. Akachukua kipande pasipo kuomba, akala. Mwanaidi akampisha kwenye mkeka.

Hekaya yangu imefika hapo. Ukiona imekosa nguo, kachukue kwa mtani wako.